Mbwa barobaro asiyetulia: tumrudishe, au kuna tusichokijua?

"Wiki 5 zilizopita tulimchukua mbwa dume wa miezi 10 kutoka kituo cha kuhifadhi mbwa. Tunamwita Radi. Siku za mwanzo alikuwa mpole, analala pembeni tu. Sasa anawarukia wageni, anang'ang'ania mikono ya nguo za watoto kwa meno, anavuta kamba mpaka mabega yananiuma, na tukiwa nje nikimwita anajifanya hanijui. Ninakimbia naye saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, lakini kadiri ninavyomkimbiza ndivyo anavyozidi. Kaka yangu anasema nimlaze chali nimkandamize mpaka ajue nani mkubwa. Mume wangu anataka tumrudishe. Je, tulikosea kumchagua?"

Dada yangu,

Nianze na lile linalokunyima usingizi: hapana, hamkukosea. Mlimpata mbwa mwenye afya na nguvu, aliye katika umri mgumu kuliko umri mwingine wowote wa maisha ya mbwa, na mkampa dawa ambayo karibu kila mtu angempa, yaani mbio. Dawa hiyo ndiyo ninayotaka uipunguze wiki hii hii. Nitakueleza kwa nini, halafu nikupe cha kufanya badala yake.

Kwanza tumwelewe Radi. Mbwa huingia ubarobaro karibu na miezi 6, na hali hiyo humwachia kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 2, wenye miili mikubwa wakichelewa zaidi. Kwa nje anaonekana amekwisha kukua: meno 28 ya utotoni yameng'oka na nafasi yake imechukuliwa na 42 ya utu uzima, na miguu imerefuka. Ndani bado. Tamaa ya kujaribu kila kitu imefika kabla ya uwezo wa kujizuia. Anajua "kaa" ni nini, lakini paka akipita, neno lako linapotea njiani kabla halijafika kwenye misuli.

Na kuna jambo moja litakalokufariji. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, walichapisha utafiti juu ya mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza watu wasioona. Waliwapima kwa amri ile ile ya kukaa wakiwa na miezi 5, wakarudia walipofika miezi 8. Kwenye miezi 8 mbwa hawa walikuwa wagumu kumtii mlezi wao kuliko walivyokuwa awali, huku mtu mgeni akiwaamuru, wanatii vizuri. Mlezi ndiye aliyekaidiwa. Walipofikia mwaka mmoja, utiifu ulikuwa umerudi. Tena waliokaidi zaidi ni wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa wa kuachwa na mlezi wao. Kwa hiyo Radi akikupa kisogo wewe unayemlisha na kumtembeza, usisome hapo dharau. Soma umri, na usome kwamba bado hajawa na hakika nawe.

Ule upole wa siku za mwanzo nao usiuhesabu kama tabia iliyopotea. Mbwa aliyehamishwa kutoka kituoni hunywea. Anapunguza mwendo, analala sana, anachungulia mambo. Sisi tunaofundisha mbwa huhesabu siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za mshangao, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 mpaka aamini kwamba hapa ni kwake. Ni makadirio tu, lakini wiki ya 5 ndipo hasa watu huniandikia kama ulivyoandika. Radi ameanza kujisikia nyumbani, na ndiyo maana sasa mnamwona alivyo.

Sasa turudi kwenye mbio. Kumkimbiza mbwa saa 2 kwa siku kunamjenga mwili. Mapafu yanaongezeka uwezo, misuli inakaza, na baada ya mwezi ile saa iliyokuwa ikimchosha haimchoshi tena. Unaongeza, naye anaongezeka. Wakati huo huo mbio zinampandisha mori, na mori haushuki pale mnapofika mlangoni. Anaingia nyumbani akiwa bado anachemka, na watoto ndio wanaomkuta hivyo. Isitoshe, kwenye miezi 10 ncha za mifupa yake huenda hazijafunga, yaani bado zinakua, hasa kama ni mbwa mkubwa. Kucheza na kukimbia kwa hiari yake hakuna neno. Kumlazimisha mwendo mmoja kwa saa nzima kwenye ardhi ngumu, kila siku, kunayaumiza maungo ambayo atayahitaji kwa miaka mingi.

Nilijifunza hili vibaya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa jike wa miezi 11 asiyetulia, nikamchukulia baiskeli. Kwa wiki kadhaa nilimkimbiza kila alfajiri, na kila wiki alitaka zaidi. Kisha niliteguka kifundo cha mguu. Nikashinda uani nimekaa kwenye kiti, mguu juu, na kwa kukosa la kufanya nikawa ninamtupia chakula chake kwenye majani, punje moja moja, akitafuta kwa pua. Siku ya 4 au ya 5 niliangalia chini nikamkuta amelala fofofo ubavuni mwangu, saa 4 asubuhi, bila kukimbia hatua. Sikuwahi kumwona amelala mchana kabla ya hapo. Alikuwa amechoka kichwa, na alikuwa ameshushwa, si kupandishwa.

Basi punguza mbio mpaka mara 2 au 3 kwa wiki, kwa muda mfupi, na zile saa nyingine uzifanye za pua. Mtoe kwa kamba ndefu, nenda polepole, na pale anaposimama kunusa, simama naye. Acha anuse nguzo moja dakika 2 kama anataka. Mbwa anayenusa kwa dhati anapumua kwa mpangilio, kichwa kiko chini, mkia umelegea. Huo ndio mwili unaoutafuta. Nyumbani, acha kumwekea chakula chote bakulini. Mwaga nusu yake kwenye majani, au kikunje ndani ya taulo kuukuu, au kifiche kwenye maboksi matupu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliolinganisha mbwa waliofanya mazoezi ya kunusa kwa wiki 2 na wengine waliofundishwa kutembea ubavuni mwa mtu kwa muda huo huo. Baadaye waliwekewa bakuli mahali ambapo hawakuweza kujua kama lina kitu au halina. Waliozoezwa kunusa walilikimbilia upesi kuliko walivyofanya mwanzo, kama wenye matumaini, wenzao hawakubadilika.

Halafu usingizi. Hukuniambia Radi analala kwa jumla ya saa ngapi, nami ningetoa chochote kujua. Mbwa mzima hulala kama saa 12 hadi 14 kwa siku, na kijana kama yeye ni afadhali apate zaidi. Nyumba yenye watoto, milango inayofunguliwa kila dakika na matembezi mawili ya nguvu humpa mbwa saa 8 au 9, tena za kukatizwa. Ukimwona jioni anazunguka kama pia na kuuma nguo, mara nyingi unayemtazama ni mtoto aliyepitwa na saa ya kulala. Mtafutie pembe yenye kivuli na kimya, au kizimba kilicho wazi chenye tandiko, na uwaambie watoto kwamba mbwa akiwa pale haguswi wala haitwi, na mtu yeyote. Sheria hii moja imeokoa nyumba nyingi.

Nimefika kwenye kiini cha jibu langu. Kutulia hufundishwa, sawa na kukaa au kutoa mguu, na kwa kuwa watu wengi hudhani ni kitu ambacho mbwa anacho au hana, hawakifundishi kamwe. Zaidi ya hapo, huwa tunamfundisha kinyume. Angalia siku ya kawaida: mbwa akilala kimya, hakuna anayemsemesha, maana tunaogopa kumwamsha. Akirukia mtu, watu 4 wanamwita jina, wanamshika, wanamsukuma, wanamtazama machoni. Kwa mbwa barobaro hiyo ni sherehe. Geuza malipo. Weka mfukoni kiganja cha chakula chake kavu kila asubuhi, na kila unapomkuta amelala, ameketi, au amesimama tu akitazama dirishani bila fujo, pita ukiangusha punje kando yake, bila neno, uendelee na shughuli zako. Kile kiganja kiishe kufikia jioni.

Juu ya hilo, mfundishe mkeka. Tandika mkeka au blanketi kuukuu mahali pasipo na pitapita. Keti karibu, Radi akiwa kwenye kamba, wewe ukiikanyaga kamba ili mikono iwe huru. Usimwamuru kitu. Atazunguka, atakusukuma kwa pua, pengine atabweka. Akikanyaga mkeka, dondosha punje moja kati ya miguu yake ya mbele. Akiketi, nyingine. Akilala, 3 mfululizo, polepole. Kisha subiri vitu vidogo: anahamishia uzito kwenye nyonga moja, anashusha kidevu, anatoa pumzi ndefu. Hapo lipa zaidi kuliko popote. Chakula kitue mkekani, si kwenye kinywa chake kutoka mkononi; ukimpa mkononi atabaki ameukodolea mkono kama mtu anayengoja basi, lakini kikitua mkekani, macho na mawazo yanabaki hapo. Dakika 5, mara 2 kwa siku, zinatosha kabisa. Baada ya wiki 2 hivi utaanza kuuhamisha mkeka: watoto wakila, ukiwa jikoni, mgeni akigonga. Usiruke hatua. Mbwa anayetulia sebuleni saa ya kimya bado hajajifunza kutulia mlango ukigongwa. Hayo ni masomo mawili.

Na masomo yawe mafupi kweli. Kuna utafiti wa Denmark wa mwaka 2011, wa mbwa aina ya beagle, ambao waliofundishwa mara 1 au 2 kwa wiki walihitaji vipindi vichache zaidi kujifunza kuliko waliofundishwa kila siku. Sikushauri uache kumfundisha kila siku, kwa kuwa maisha ya nyumbani ni somo lisilokoma. Lakini siku ukichoka, acha. Hakuna kitakachoharibika.

Kuruka juu ya watu. Mbwa akiwa anang'ang'ana kuokota chakula sakafuni, hawezi kuwa anaruka. Mgeni anapoingia, Radi awe kwenye kamba, nawe umwage punje kadhaa chini karibu na miguu yako. Pua ikiwa chini, msifu. Mgeni amsalimie pale tu miguu yote 4 iko sakafuni, na akiruka, mgeni ageuke aondoke bila kumsukuma wala kumkemea. Ila jiandae: ukiacha kumpa alichokizoea, kwa siku kadhaa atazidisha. Mtu akibonyeza swichi na taa isiwake, haondoki. Huibonyeza tena na tena kwa nguvu kabla ya kukata tamaa. Watu wengi husalimu amri hapo hapo, na mbwa anajifunza kwamba bidii inalipa. Shikilia.

Kwa watoto sitaki majaribio. Msiwaache peke yao na Radi kwa sasa, hata dakika ya kufuata simu. Wakati wa fujo zake za jioni, weka kizuizi mlangoni au mfunge kamba karibu nawe akiwa na kitu cha kutafuna. Wafundishe wakirukiwa wasimame wima kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, kimya. Kukimbia na kupiga kelele ndiyo michezo anayoipenda kuliko yote.

Kamba. Mbwa huivuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Mnunulie mkanda wa kifuani wenye pete mbele, utakaomwondolea shinikizo shingoni na kukupunguzia maumivu ya mabega. Kisha kanuni ni moja: kamba ikikaza, mnasimama, ikilegea, mnakwenda, naye anapata kitu kitamu karibu na goti lako. Siku za mwanzo hamtafika mbali. Ndiyo maana nakushauri utenge matembezi ya kujifunza, dakika 10 kwenye njia tulivu, na matembezi ya kunusa kwa kamba ndefu, ili asikose vyote viwili.

Kuitwa kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu siku moja kutaokoa maisha yake barabarani. Jina "Radi" limeshachakaa. Limeitwa mara mia bila kumaanisha kitu, na mara nyingine lilimaanisha kukemewa. Liache lipumzike, uchague neno jipya ambalo halitumiki ovyo nyumbani, mathalani "Hapa!" Wiki ya kwanza litumie ndani tu. Litamke mara moja, kisha mpe vipande 5 vidogo vya nyama iliyochemshwa, kimoja baada ya kingine, hata kama alikuwa amesimama karibu nawe tayari. Fanya hivyo mara 10 kwa siku. Unajenga kitu kimoja tu: neno likisikika, mambo mazuri hufuata. Wiki ya 2 sogea uani. Baadaye nje, kwa kamba ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe isiwe shingoni, na usiizungushe mkononi mwako.

Anapokuja, mlipe, ushike mkanda kidogo, halafu mwachie arudi kunusa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu wanayoisahau. Kama kila anapoitwa starehe inakatika na kurudishwa nyumbani kunaanza, atajifunza kutokuja, na atakuwa amejifunza vizuri. Usimwite kuogeshwa, kukatwa kucha wala kufungiwa. Hayo mfuate mwenyewe. Na hata akitoroka nusu saa akarudi ukiwa unatetemeka kwa hasira, mpokee kwa furaha. Ukimpiga, kipigo atakiunganisha na kile alichofanya mwisho, nacho ni kurudi kwako.

Sasa shauri la kaka yako. Najua anakupenda na anaogopa mtu asije akaumia, kwa hiyo mweleze kwa heshima. Wazo la kumkandamiza mbwa limetokana na masimulizi ya mbwa mwitu kugombea ukuu. Mwaka 1947 mtafiti wa wanyama Rudolph Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliokuwa wamefungwa pamoja, na huko kugombana kulikuwa kwingi. Baadaye mtafiti mwingine, David Mech, aliyewachunguza wakiwa huru porini kwa miaka mingi na ambaye maandishi yake ya awali yalikuwa yameisambaza picha ile, aliandika mwaka 1999 kuisahihisha: kundi la porini kwa kawaida ni familia, baba na mama wakiongoza watoto wao. Mbwa anayelazwa chali kwa nguvu hajifunzi ukubwa wa mtu. Anajifunza kwamba mikono ya watu hutisha, na baadhi hujitetea kwa meno, uso wa mtu ukiwa juu yao. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno waliwapima mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Wale wa shule zilizotumia zaidi adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao ilipanda zaidi. Radi anayekaidi kwa wasiwasi hahitaji wasiwasi zaidi.

Mengine kwa ufupi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kama bado hamjafanya hivyo, mhakikishe chanjo zake, hasa ya kichaa cha mbwa, na kwamba hana maumivu ya nyonga, masikio au tumbo, maana mbwa mwenye maumivu hatulii. Kuhusu kumhasi, zungumzeni na daktari huyo juu ya umri unaofaa kwa ukubwa wa mwili wake. Mnaweza kuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo, lakini msitarajie kwamba kutaondoa kurukia watu na kuvuta kamba, hayo huondolewa na mafunzo. Viatu na vitabu viondoeni chini, mumpe vitu halali vya kutafuna kila siku.

Limebaki la mume wako. Kurudisha mbwa si dhambi, na kuna hali ambazo mimi mwenyewe ningesema hivyo. Kama Radi anakakamaa mwili na kukodoa macho mtu akikaribia chakula chake, akiguruma mtoto akipita, au akiuma mpaka ngozi ikachubuka, msisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Tafuteni mtaalamu wa tabia za mbwa aje awaone ana kwa ana, na watoto watengwe naye mpaka hapo. Uliyoniandikia hayafanani na hayo. Kung'ang'ania nguo huku mkia na mwili mzima vinacheza ni mchezo uliokosa mwalimu.

Kwa hiyo muombe mume wako mpaka mwisho wa mwezi wa 3 tangu Radi alipofika, yaani kama wiki 8 kutoka sasa. Chukueni daftari, kila usiku mwandike mambo 4: amelala kwa jumla ya saa ngapi, amenusa kwa muda gani, amerukia watu mara ngapi, na alitulia wapi bila kuambiwa. Wiki 2 za kwanza pengine idadi ya kuruka itapanda. Yatazameni mwezi mmoja mmoja, si siku kwa siku. Na kama muda ule ukifika mkaona kweli nyumba yenu haimwezi, mrudisheni kituoni pamoja na daftari hilo, neno lake jipya la kuitiwa, na mkeka wake, ili familia itakayomchukua isianze upya.